Kwa nini mstari wa grafu yangu haunyooki?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Igoma hapa Mwanza. Kazi yangu ni kununua dagaa mwaloni Kirumba na kuwasafirisha hadi Shinyanga. Sikubahatika kumaliza sekondari, sasa nimejiandikisha kufanya mtihani wa QT, ule Mtihani wa Maarifa wa watahiniwa wa kujitegemea. Mada nyingine za hesabu naenda nazo, ila grafu za milinganyo zimenishinda. Nilipewa y = 3 − 2x, nikatengeneza jedwali. Kwenye x niliweka −2, −1, 0, 1 na 2. Kwenye y nikapata −1, 1, 3, 1 na −1. Mwalimu wetu wa kituoni alisema utatoka mstari mnyoofu, lakini wangu unapanda halafu unashuka. Pili, 2x + 3y = 12 sijui hata nianzie wapi, kwa sababu y haijakaa peke yake. Tatu, naona aibu kuuliza darasani: kwa nini tunaunganisha nukta kwa rula? Katikati ya nukta mbili sijakokotoa kitu. Nimejuaje kuna nini pale?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na swali la tatu, hilo unaloonea aibu, maana hayo mengine mawili yanalitegemea. Na aibu uiweke kando kabisa. Wapo wanaofika kidato cha nne wakiunganisha nukta kwa rula kwa sababu tu waliambiwa waunganishe, na wakipewa swali lililogeuzwa kidogo wanakwama. Wewe umesimama pale ambapo wao walipita haraka.

Mlinganyo wenye x na y ni sharti. Unaleta namba mbili, moja ya x na moja ya y, kisha unaangalia kama zinatimiza sharti au hazitimizi. Tuchukue huo huo wako, y = 3 − 2x. Leta x = 1 na y = 1. Upande wa kulia unapata 3 − 2, yaani 1, na y yako ni 1. Zimetimiza. Sasa leta x = 2 na y = 2. Upande wa kulia unapata 3 − 4, yaani −1, ilhali y uliyoleta ni 2. Hazijatimiza. Kila mahali kwenye karatasi ya grafu pana jozi yake ya namba: ya kwanza inasema umekwenda kulia au kushoto kiasi gani kuanzia pale mihimili, ile mistari miwili yenye namba, wa x uliolala na wa y uliosimama, inapokutana, ya pili inasema umepanda au umeshuka kiasi gani. Jozi hiyo ndiyo jira za nukta. Grafu ya mlinganyo ni nukta zote, bila kubakiza hata moja, ambazo jira zake zinatimiza sharti. Zile tano za kwenye jedwali ni chache tu ulizozichagua kati ya nyingi zisizo na mwisho.

Basi tuingie hapo katikati unapopaulizia. Nukta (0, 3) inatimiza, na (1, 1) inatimiza. Kati yake weka x = 0.5. Unapata y = 3 − 1, yaani 2. Weka x = 0.25, unapata 2.5. Weka x = 0.1, unapata 2.8. Zitie zote kwenye karatasi, kisha laza rula kutoka (0, 3) hadi (1, 1). Zote zimekaa kwenye ukingo wa rula. Hutapata hata moja inayokwenda kando, na sababu yake ni hii: kila x inapokwenda kulia kwa 1, y inashuka kwa 2, x ikienda nusu, y inashuka kwa 1, x ikienda robo, y inashuka kwa nusu. Kasi ya kushuka ni ile ile popote ulipo, kwa hiyo hakuna mahali ambapo mstari unaweza kupinda. Unapopitisha rula unatamka jambo zito, kwamba kila nukta iliyo chini ya penseli yangu inatimiza mlinganyo huu. Ndiyo maana mtahini anaweza kukuomba usome y kwenye grafu pale ambapo x ni 0.5, hata kama 0.5 haimo kwenye jedwali lako.

Wazo hili la kuutazama mlinganyo kama umbo lilichapishwa mwaka 1637 na Mfaransa René Descartes, na mwenzake Pierre de Fermat alilifikia kwa njia yake karibu wakati huo huo. Mihimili miwili yenye namba tunayochora leo ilikamilishwa na waliowafuata, lakini jambo la msingi lilikuwa hilo hilo ulilouliza wewe, nukta na sharti.

Rula, hata hivyo, haina ruhusa kila mahali. Mlinganyo kama xy = 12 una jozi (1, 12), (2, 6), (3, 4), (4, 3), (6, 2), (12, 1). Angalia y: x inapotoka 1 kwenda 2, y inashuka kwa 6; inapotoka 2 kwenda 3, inashuka kwa 2 tu. Kasi inabadilika, kwa hiyo grafu yake imepinda na ukiiwekea rula umedanganya. Mlinganyo wa mstari mnyoofu unautambua kwa macho kabla hujakokotoa lolote: x na y hazina kipeo kama cha x², hazizidishwi zenyewe kwa zenyewe, na hakuna iliyokaa chini kwenye sehemu kama 12/x. Zinazidishwa na namba za kawaida tu, kisha zinajumlishwa au kutolewa.

Sasa jedwali lako. Umekosea mahali pamoja tu, na kosa lenyewe limeacha alama iliyo wazi. Nusu ya kulia iko sawa: x = 0 inatoa 3, x = 1 inatoa 1, x = 2 inatoa −1. Nusu ya kushoto umeiandika kama kivuli cha ile ya kulia, na hapo ndipo nilipojua kwamba ulipoziingiza −1 na −2, alama ya hasi ilidondoka njiani. Ulifanya 3 − 4 badala ya 3 − 2 × (−2). Kuzidisha −2 kwa −2 kunatoa 4 chanya, kwa hiyo ni 3 + 4, jibu 7. Kwa x = −1 ni 3 + 2, jibu 5. Jedwali sahihi ni hili:

x: −2, −1, 0, 1, 2
y: 7, 5, 3, 1, −1

Dawa yake ni mabano. Kila unapoingiza namba hasi, ifungie ndani ya mabano kwanza, andika 3 − 2(−2), kisha ndipo uanze kukokotoa. Usifanye kichwani. Najua kwenye biashara yako unapiga hesabu za maelfu kichwani na unapatia, lakini pale mwaloni namba hasi hazikutani zikazidishana. Hapa zinakutana kila mara.

Kuna ukaguzi mwingine ambao ningependa uufanye kila siku kabla hujagusa karatasi ya grafu, kwa sababu unachukua muda mfupi sana. Ikiwa x zako zinapanda kwa hatua sawa, tazama hatua za y. Kwenye mlinganyo wa mstari mnyoofu lazima nazo ziwe sawa. Kwenye jedwali sahihi, y inatoka 7 kwenda 5, kwenda 3, kwenda 1, kwenda −1: inashuka 2, 2, 2, 2. Kwenye lako ilipanda 2, ikapanda 2, ikashuka 2, ikashuka 2. Jedwali lenyewe lilikuwa linakuambia kuna kosa kabla hujachora kitu.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na walimu wanaosema nukta mbili zinatosha. Kwa nadharia zinatosha, kwani kati ya nukta mbili unapita mstari mnyoofu mmoja tu. Lakini nukta mbili hazipingani kamwe. Hata moja ikiwa mbovu, rula itapita juu ya zote mbili na utapata mstari mzuri, mnyoofu, ulio wa uongo. Nukta ya tatu ndiyo shahidi. Zikikataa kukaa kwenye mstari mmoja, moja ina kosa, nawe unarudi kutafuta. Tatu zinatosha. Tano kwa mlinganyo wa mstari mnyoofu ni kupoteza muda wa mtihani.

Na hizo tatu ziachanishe. Kwenye karatasi hata mkono mzuri hukosea milimita 1. Nukta zako mbili zikiwa umbali wa sentimita 1, na moja ikawa imekaa vibaya kwa milimita 1, basi mstari ukifika sentimita 10 kutoka kwenye ile iliyo sahihi utakuwa umepotoka kwa milimita 10, sentimita nzima. Nukta hizo zikiwa umbali wa sentimita 10, kosa hilo hilo linabaki milimita 1 pale pale. Kwa hiyo chagua nukta za kushoto sana, za katikati na za kulia sana, kadiri karatasi inavyoruhusu.

Kuhusu mihimili, nina mambo machache tu. Angalia kwanza jedwali lako linahitaji nafasi kiasi gani ndipo uamue mihimili ikutane wapi. Kwa y = 3 − 2x, y inafika 7 juu na −1 tu chini, kwa hiyo ukiikutanisha katikati kabisa ya karatasi utabanwa juu na kubakiwa na nafasi tupu chini. Karatasi ya grafu ina miraba mikubwa, na kila upande wa mraba umegawanywa vipande vidogo, mara nyingi 10. Mraba mkubwa mmoja uupe thamani ya 1, 2, 5, 10, 20 au 50. Usiupe 3 au 7, utateseka kutafuta 4 iko wapi. Mhimili wa x unaweza kuwa na skeli yake na wa y yake, hakuna ubaya, ila ndani ya mhimili mmoja hatua zisibadilike. Wapo wanaoandika 0, 1, 2 kisha wanaruka 5, 10 kwa nafasi zile zile, na hapo hata jedwali sahihi linatoa mstari uliovunjika. Weka alama ya nukta kwa kimsalaba kidogo cha penseli iliyochongwa, si kwa doa nene. Rula iwe ndefu. Mstari uupitishe zaidi ya nukta zako za mwisho, kwa sababu wenyewe hauishii pale, na pembeni yake andika mlinganyo wake.

Twende kwenye 2x + 3y = 12. Hapa huna haja kabisa ya kuiweka y peke yake. Lile sharti halijali x na y zimekaa upande gani. Wewe tafuta jozi zinazotimiza, na jozi rahisi kuliko zote ni zile ambazo moja yao ni 0. Weka x = 0: inabaki 3y = 12, kwa hiyo y = 4. Nukta ya kwanza ni (0, 4), pale mstari unapoukata mhimili wa y. Weka y = 0: inabaki 2x = 12, x = 6. Nukta ya pili ni (6, 0), pale unapoukata mhimili wa x. Shahidi: weka x = 3. Inakuwa 6 + 3y = 12, 3y = 6, y = 2. Nukta (3, 2). Laza rula, zote tatu zimekaa. Umemaliza.

Ukipenda kuigeuza, inakuwa y = 4 − (2/3)x, na hapo utaona kwa nini jedwali la −2, −1, 0, 1, 2 lingekusumbua. Kwa x = 1, y ni 10/3, yaani 3.333 isiyokwisha, na hakuna mstari mdogo kwenye karatasi utakaokupa namba hiyo. Ukichagua x zinazogawanyika kwa 3, yaani −3, 0, 3, 6, unapata y za 6, 4, 2, 0, namba safi zote. Hakuna sheria popote inayosema x lazima zianzie −2 ziishie 2. Hayo ni mazoea ya ubaoni. Mwenye kuchagua x ni wewe, isipokuwa swali limekupangia, na kuchagua vizuri ni nusu ya kazi.

Zipo zenye ukaidi zaidi. Chukua 3x + 5y = 7. Ukiweka 0 unapata 7/5 na 7/3, hakuna iliyo namba nzima. Hapo jaribu x moja moja mpaka 7 − 3x igawanyike kwa 5. Ukijaribu x = −1, 7 + 3 ni 10, y ni 2. Umepata (−1, 2). Kutoka hapo huhitaji kubahatisha tena: ongeza x kwa 5 na y itashuka kwa 3, kwa kuwa namba zilizo mbele ya x na y ni 3 na 5 na jumla lazima ibaki 7. Basi (4, −1), kisha (9, −4). Zithibitishe: 12 − 5 ni 7; 27 − 20 ni 7. Mlinganyo unaopita pale mihimili inapokutana, kama 2x − y = 0, nao una tabia yake: ukiweka x = 0 unapata y = 0, na ukiweka y = 0 unarudi pale pale. Hiyo ni nukta moja uliyoipata mara mbili. Tafuta nyingine mbali, tuseme (3, 6), na ya tatu (−2, −4).

Hatua ya kwenda 5 kulia na kushuka 3 ndiyo inayoitwa mwinamo wa mstari. Mtu anayepanda kutoka mjini kwenda hospitali ya Bugando anaujua mwinamo kwa magoti yake: kwa kila hatua anayosogea mbele, amepanda kiasi gani. Kwenye grafu ni kupanda au kushuka, kugawa kwa kusogea kulia. Ukiwa na y = 4 − (2/3)x, mstari unaanzia 4 kwenye mhimili wa y na mwinamo wake ni −2/3: nenda 3 kulia, shuka 2, weka nukta; nenda tena 3 kulia, shuka 2. Namba ya chini ya sehemu ndiyo ya kusogea, ya juu ndiyo ya kupanda au kushuka. Wengi huzigeuza, wakasogea 2 na kushuka 3, na mstari unakuwa mkali kuliko inavyotakiwa. Ukiona mashaka, rudi kwenye sharti: je, (3, 2) inatimiza 2x + 3y = 12? Inatimiza. Na (2, 1)? Ni 4 + 3, yaani 7. Hapana.

Mistari miwili huwachanganya watu bure kwenye mtihani: y = 3 na x = −2. Ukiiuliza kama sharti, haina ugumu. y = 3 inasema y iwe 3, x iwe yoyote. Kwa hiyo (−4, 3), (0, 3), (5, 3) zote zinatimiza, na mstari umelala kwenye kimo cha 3. x = −2 inasema x iwe −2, y iwe yoyote: (−2, 5), (−2, 0), (−2, −3). Mstari umesimama wima. Huu wa pili hauna mwinamo, kwa sababu husogei kulia hata kidogo na kugawa kwa 0 hakufanyiki. Mtu anayesikia x akachora mstari uliolala, kama mhimili wa x ulivyolala, amefuata jina badala ya sharti.

Kwenye QT unaweza kupewa milinganyo miwili uichore kwenye karatasi moja, useme inakutana wapi. Kwa maelezo ya juu, mahali hapo panajieleza penyewe: nukta iliyo kwenye mistari yote miwili inatimiza masharti yote mawili. Tuchukue hiyo hiyo miwili yako, y = 3 − 2x na 2x + 3y = 12. Ukiichora vizuri utaona inakutana kushoto kidogo ya mhimili wa y, karibu na −0.7 au −0.8, kwenye kimo cha 4.5 hivi. Ukikokotoa: 2x + 3(3 − 2x) = 12, yaani 9 − 4x = 12, x = −0.75, na y = 4.5. Unaona kwamba grafu imekupa jibu la karibu, na hesabu imekupa kamili. Swali likisema utumie grafu, andika ulichokisoma kwenye grafu. Kokotoa pembeni kwa siri yako, ujue kama umepotea.

Sasa nikutolee mfano wa kazi yako, kwa sababu naona ndipo grafu itakapokukaa. Bei hizi nimezipanga mimi ili hesabu iwe nyepesi, si bei za leo za Kirumba. Tuseme mwenye lori wa kwanza anataka shilingi 20,000 za kuitoa gari, kisha shilingi 1,500 kwa kila gunia la dagaa mpaka Shinyanga. Wa pili hataki hela ya kuitoa gari, ila kila gunia ni shilingi 2,500. Magunia yawe x, gharama kwa maelfu ya shilingi iwe y. Wa kwanza ni y = 20 + 1.5x, wa pili ni y = 2.5x. Mhimili wa x, mraba mkubwa mmoja uwe magunia 5, ufike 40. Mhimili wa y, mraba mkubwa mmoja uwe shilingi 10,000, ufike 100. Kwa wa kwanza weka (0, 20), (10, 35), (40, 80). Kwa wa pili (0, 0), (10, 25), (40, 100).

Mistari inakutana kwenye (20, 50): magunia 20, shilingi 50,000 kwa wote wawili. Kushoto ya hapo mstari wa pili uko chini, huyo ndiye nafuu. Kulia ya hapo wa kwanza ndiye yuko chini, na pengo linazidi kufunguka: kwa magunia 30 wa kwanza ni 65,000 na wa pili 75,000. Mwinamo wa kila mstari ni bei ya gunia moja, na pale unapoanzia kwenye mhimili wa y ni hela ya kuitoa gari. Ukimbembeleza yule wa kwanza akashusha hela hiyo hadi 15,000, mstari wake wote unateremka ukiwa sambamba na ulipokuwa, na sasa unakutana na wa pili kwenye magunia 15. Bei ya gunia hukuigusa, kwa hiyo ukali wa mstari haukubadilika.

Hapa swali lako la tatu linarudi kwa sura nyingine. Kati ya magunia 10 na 11 kuna nini? Kama lori halichukui nusu gunia, hakuna kitu, na nukta za kweli ni zile za namba nzima tu. Tunapitisha rula ili jicho lione mwelekeo, lakini tukisoma jibu tunachukua gunia zima. Kadhalika mstari huu hatuupitishi kushoto ya 0, maana hakuna magunia −5. Kwenye y = 3 − 2x tupu, isiyosemwa ni ya nini, unapitisha pande zote. Mlinganyo peke yake haukuambii uishie wapi. Jambo lenyewe ndilo linalokuambia.

Ukiwa na simu janja, programu ya GeoGebra ni ya bure na itakuchorea mstari wowote ukiandika mlinganyo. Itumie baada ya kuchora kwa mkono, si kabla, na uitumie kutafuta ni wapi mstari wako umetofautiana na wake. Kwenye chumba cha mtihani utakuwa na penseli na rula tu.

Fanya hii mitatu wiki hii, kwenye karatasi moja, x kuanzia −4 hadi 8: y = 2x − 5, x + 4y = 16, na 5x − 2y = 3. Wa kwanza na wa pili ikikutana kwenye (4, 3) uko salama. Wa tatu upite kwenye (1, 1) na (3, 6). Utaona wa kwanza na wa tatu haikutani popote kwenye karatasi yako, na unaweza kudhani ni sambamba. Linganisha mwinamo: wa kwanza ni 2, wa tatu ni 2.5. Si sambamba. Inakutana chini sana, kwenye (−7, −19), nje ya karatasi. Na wa tatu ukikataa kupita kwenye (1, 1), usianze kwa kufuta mstari. Rudi kwenye jedwali, uangalie ulivyofanya pale x ilipokuwa −1, kwa sababu hapo ni −5 − 2y = 3, y inatakiwa itoke −4, na alama mbili za hasi zimekaa jirani.